MLIMANI AU MOROGORO? TUMUULIZE NA MTOTO



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji wetu, kila ifikapo Julai, matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka, kibaraza cha madrasa yetu hapa Bukoba hugeuka ofisi. Vijana tuliowafundisha alifu na be wanarudi ndevu zikianza kuota. Mabinti waliokuwa wakigombania ubao wanarudi wakiwa wanawake wazima. Nyuma yao wapo wazazi, wengine wametoka Kamachumu na Nshamba kwa gari la asubuhi. Swali wanalokuja nalo ni lile lile: "Ustadhi, tumpeleke Mlimani au Morogoro?"

Mlimani wanamaanisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Morogoro wanamaanisha Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, japokuwa mji ule una vyuo vingine vikubwa. Msimamo wetu tunautoa mapema ili msomaji asitutafute mwisho wa ukurasa: swali hili tunaliuliza vibaya, tunaliuliza kwa kuchelewa, na tunamuuliza asiyehusika. Katika kosa hilo sisi walimu wa madrasa tumo, tena mstari wa mbele.

Miaka miwili iliyopita alitujia baba mmoja wa Muleba pamoja na mkewe. Binti yao alikuwa amesoma kwetu hadi akakhitimu, na alikuwa amepata ufaulu mzuri. Aliomba sheria katika vyuo vyote viwili katika awamu ya kwanza, na vyote viwili vikamchagua. Alhamdulillah, wangapi wanaitafuta nafasi moja hawaipati! Lakini nyumbani furaha ile ilidumu siku moja tu. Baba alitaka Mlimani. Alisema wazi kwamba akipita sokoni anataka watu wajue mtoto wake yuko wapi, na jina la Mlimani halihitaji maelezo. Mama alitaka Morogoro.

"Ustadhi," alisema mama, "mimi sina ugomvi na elimu. Ila huko Dar nani atamwangalia mwanangu? Morogoro angalau mabinti wamesitirika."

Binti mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni ya mama yake, ameinamisha kichwa. Tulimsalimia, tukampongeza, kisha tukaendelea kuzungumza na wazazi wake juu yake kana kwamba hayupo.

Tulipoona mambo yamekaza tukatoa jibu jepesi: nendeni mkaswali istikhara. Jibu hilo ni la haki na ni Sunna, wala hatulijutii kwa hilo. Tunajuta kwa namna tulivyolitoa, kwa sababu tulilitoa ili tuondokane na mgogoro. Wao wakalipokea kama wengi wetu tunavyolipokea, yaani waswali, walale, wangoje ndoto. Na ndoto ikaja! Binti aliota yuko ndani ya basi limeharibika njiani, upande wa Biharamulo. Familia ikakaa kuifasiri: basi lile lilikuwa linakwenda Dar es Salaam au Morogoro? Sasa msomaji uliyewahi kusafiri kutoka huku unajua kwamba basi la Dar hupita Muleba, likashika Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida na Dodoma, na kabla ya kufika Dar lazima lipite Morogoro. Njia ni hiyo hiyo moja. Ndoto haikusaidia kitu.

Istikhara haina sharti la ndoto. Mtu anafikiri, anauliza wenye ujuzi, anapima, moyo wake unaelekea upande mmoja, kisha anamwomba Mola wake amwezeshee jambo hilo kama lina kheri na amwepushie kama lina shari. Halafu anaendelea na kazi yake. Mashauriano hayaondolewi na istikhara. Katika Qur'an ipo sura nzima, ya 42, iliyopewa jina la Ash-Shura. Haya tunayafundisha darasani kila mwaka na wanafunzi wanayajibu vizuri kwenye mtihani. Siku ile kibarazani tuliyasahau.

Wakati wao wanafasiri ndoto, siku zilikuwa zinahesabika. Wazazi wengi hawajui utaratibu ulivyo, nasi tuueleze kidogo. Kati ya mwaka 2010 na 2016 maombi mengi ya vyuo yalipita katika mfumo mmoja wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tangu mwaka 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na anaruhusiwa kuomba zaidi ya kimoja. Dirisha hufunguliwa kwa awamu. Kozi zinazogombaniwa, kama udaktari, uhandisi na sheria, katika vyuo vyenye majina hujaa mapema, na awamu ya pili inabaki na nafasi zilizosazwa. Aliyechaguliwa na vyuo viwili au vitatu hutakiwa athibitishe kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa, kwa kutumia namba maalumu inayotumwa katika simu yake. Kwa hiyo anayesema "tutaona awamu ya pili" anakubali kuokota masazo, na anayelala na vyuo viwili mkononi anaweza kuamka hana hata kimoja.

Kwa binti yetu, simu iliyoandikwa kwenye fomu haikuwa yake. Wakati wa maombi alikuwa kambini JKT, kwa hiyo fomu ilijazwa na kijana wa steshenari, naye akaweka namba yake mwenyewe ili kazi iende haraka. Siku ya mwisho ya kuthibitisha kijana huyo alikuwa visiwani kwa shughuli za dagaa, na mtandao wa huko wanaoishi huko wanaujua. Alipatikana baada ya Magharibi. Akaisoma namba ile kwa sauti inayokatika, baba akaiandika kwenye kiganja, na kwa kuwa simu ilikuwa mkononi mwa baba, ikathibitishwa Mlimani. Hivyo ndivyo jambo la miaka minne lilivyoamuliwa.

Likizo ya kwanza binti alikuja kutusalimia. Baada ya shikamoo na habari za masomo tukamuuliza: hivi wewe mwenyewe ungechagua kipi? Akacheka kidogo.

"Ustadhi, hilo sijaulizwa na mtu hadi leo."

Ndipo akatueleza kwa nini aliomba sheria. Babu yake alipofariki, bibi alibaki katika kibanja alichokilima miaka zaidi ya arobaini, kwenye migomba na mibuni aliyoipanda kwa mikono yake. Wazee wa ukoo wakakaa, wakagawa. Bibi hakuhesabiwa. Aliambiwa fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Mashangazi wakaambiwa watakula ndizi za pale wakija kusalimia, ila wasiguse ardhi ya ukoo. Na wote waliokuwa kwenye kikao kile walikuwa Waislamu, wanafunga, wanaswali, na Ijumaa wapo safu ya mbele.

Msomaji wa Kagera hatashangaa. Hiyo ndiyo mila ya Kihaya kama ilivyoandikwa katika Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963: mjane hana fungu, na mwanamke anaweza kutumia shamba la ukoo lakini hawezi kuliuza. Sheria ya Mwenyezi Mungu inasema vingine. Mke aliyeachwa na mume mwenye watoto ana thumni yake, moja ya nane, na binti ana nusu ya fungu la kaka yake, na hilo ni lake kabisa, halimo katika hisani ya mtu. Mahakama za mwanzo nchini kwetu zina uwezo wa kusikiliza mirathi kwa sheria ya kimila na kwa sheria ya Kiislamu. Shauri likifika, hutazamwa marehemu aliishi maisha ya namna gani na alikusudia nini. Lakini nani alimwambia bibi yule kwamba ana mlango huo? Hata sisi, ambao jina letu linatajwa katika kila khitma ya mtaa, hatukumwambia.

Binti alitukumbusha pia kesi ya Ephrahim na Pastory, ambayo chimbuko lake ni Muleba hii hii. Mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wasia wa baba yake aliliuza mwaka 1988, mtu wa ukoo akapinga kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yale yale aliyowekewa mwanamume. Kesi hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria nchi za mbali. Sisi tuliokaa saa moja na nusu kutoka Muleba tuliisikia kutoka kwa mwanafunzi wetu.

"Mimi ningechagua Morogoro," alisema, "si kwa sababu ya mama. Pale wanafundisha sheria pamoja na sharia, na mimi nataka mirathi niijue kutoka ndani."

Tazameni basi. Mama alitaka Morogoro kwa hofu, baba alitaka Mlimani kwa jina, na binti alikuwa na sababu iliyo bora kuliko zote mbili, ila haikuwa na pa kusemewa.

Hatusemi hayo kwa kukidharau chuo chochote. Mlimani ilianza mwaka 1961, mwaka wa uhuru, ikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London lenye wanafunzi 14, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa hicho hicho cha sheria. Ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mawakili, majaji na mawaziri waliopita pale hawahesabiki. Chuo cha Waislamu ni kijana. Serikali ya awamu ya tatu iliwakabidhi Waislamu majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO mwaka 2004, na masomo yakaanza mwaka 2005, kikiwa chuo kikuu cha kwanza cha Waislamu Tanzania Bara. Walimu wa sekondari waliotoka pale tunao katika shule za mkoa huu, na kazi yao tunaiona. Mtoto anayetaka kuwa mhandisi wa madini hana la kuuliza, aende kunakofundishwa uhandisi. Anayetaka Kiarabu na Elimu ya Dini kwa ajili ya kufundisha naye hana la kuuliza. Mgogoro upo kwa kozi zilizopo kote kuwili, na hapo ndipo jina na hofu hupata nafasi.

Kuhusu jina, tuseme hili kwa wanaotaka kuwa mawakili. Atokaye Mlimani na atokaye Morogoro wote watapita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kabla ya kuapishwa. Mwaka 2022 taifa zima lilishtuka matokeo ya taasisi hiyo yalipotangazwa: katika watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Katika mamia wale waliokwama wamo waliotoka vyuo vyenye majina makubwa. Karatasi ya mtihani haimwogopi mtu kwa sababu ya koti la mahafali.

Kuhusu hofu, hapa tunaomba wazazi watuvumilie. Mtoto anayekwenda chuo kikuu ana miaka 19 au 20. Kama hadi hapo swala yake inamtegemea mama wa kumwamsha, tatizo hilo halikuanzia Dar es Salaam wala halitamalizwa na geti la chuo cha Kiislamu. Mlimani kuna msikiti ndani ya eneo la chuo na kuna jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, MSAUD, ambayo imelea vijana wengi wa dini. Binti yetu anavaa hijabu yake kule kama alivyoivaa hapa, na darasa za jumuiya anahudhuria. Na tuwe wakweli: wapo waliokwenda kusoma kwenye mazingira ya dini wakarudi wameacha hata walichokuwa nacho. Mazingira yanasaidia, hatukanushi, na kwa kijana ambaye tunamjua ana wepesi wa kufuata wenzake tutamshauri mzazi achague mahali penye uangalizi. Lakini ushauri huo ni wa mtoto huyo tunayemjua. Tukiufanya kanuni ya watoto wote tunawadhulumu. Wengi wetu tulikuwa tukisema juu ya mimbari kwamba vyuo vya serikali vinamaliza imani, na wazazi wametuamini. Maneno hayo tuliyasema bila kuwauliza hata wanafunzi wetu wenyewe waliokuwa wanasoma huko.

Safari nayo huulizwa sana, hasa kwa mabinti: zaidi ya kilomita 1,300. Maulamaa wana kauli zao katika safari ya mwanamke bila maharimu, na mzazi amwendee sheikh anayemwamini. Sisi tunasema tu kwamba suala hilo halichagui chuo, maana basi ni lile lile. Mara ya kwanza mzazi amsindikize, na baadaye wasafiri kwa kundi.

Sasa fedha, ambazo watu huzitaja mwisho kwa aibu wakati ndizo zinazorudisha watoto nyumbani. Familia nyingi za Muleba na Bukoba Vijijini zinategemea kahawa, na fedha ya kahawa inakuja kwa msimu wakati chuo kinadai kwa muhula. Bodi ya Mikopo huwakopesha wanafunzi wa vyuo vya serikali na wa vyuo binafsi vinavyotambuliwa, lakini mkopo hutolewa kwa viwango, na si kila anayeomba hupata wote. Kabla ya kuthibitisha chuo, mzazi aulize karo ni kiasi gani, malazi kiasi gani, na mkopo usipofunika karo yote, tofauti ataitoa wapi mwaka wa pili na wa tatu, siyo mwaka wa kwanza tu ambao shangazi na mjomba wote huchanga. Tunawajua vijana wawili waliorudi nyumbani mwaka wa pili kwa pengo ambalo lingejulikana kwa hesabu ya dakika tano.

Na lipo suala la riba. Kwa miaka mingi Waislamu wengi walikataa mkopo wa Bodi kwa sababu ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka kwa jina la kulinda thamani. Wengine walisoma kwa taabu kubwa, wengine hawakusoma kabisa. Walikuwa na hoja na tunawaheshimu. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021, pamoja na ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha. Bado tunasikia misikitini vijana wakikatazwa mkopo kwa sababu ya ile asilimia 6. Jamani, habari hiyo imepitwa na wakati! Anayekopa asome mkataba anaosaini, na ada yoyote asiyoielewa amuulize mwenye elimu ya fiqhi ya biashara. Ajue pia kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe, na deni ni amana.

Wapo wanaotuuliza kuhusu Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, kwa kuwa kwetu sisi Mutukula ni karibu kuliko Dodoma. Ni chuo kizuri. Ila anayevuka mpaka asitegemee mkopo wa Bodi kama anavyoutegemea aliyebaki nchini, na aulize TCU mapema kuhusu kutambuliwa kwa kozi yake kabla hajafunga sanduku.

Binti yetu sasa yuko mwaka wa pili. Hajapotea, wala hajutii, na baba yake bado hupita sokoni kifua mbele. Kila likizo anakuja madrasa baada ya Alasiri kusoma ilmu ya mirathi kwa sheikh wetu mkubwa, na daftari lake limejaa mafungu na hesabu. Likizo iliyopita alikuja na bibi yake. Bibi alikaa kwenye mkeka ule ule, akasikiliza somo la thumni mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kihaya kama fungu hilo huisha muda wake. Sheikh akamjibu kwamba haki ya mirathi haifi kwa kucheleweshwa. Familia imeanza kukaa upya, na tunawaombea Allah awape wepesi.

Kwa mwaka huu tumeamua yafuatayo. Hatutangoja Julai. Jumamosi ya kwanza ya Juni, baada ya Alasiri, tutakaa hapa madrasa na familia zote zenye mtoto aliyemaliza Kidato cha Sita. Kwa waliokwenda JKT, tutawaomba wazungumze nasi kwa simu kabla hawajaripoti kambini. Kila mtoto aje na kozi tatu anazozitaka na sababu ya kila moja, ameiandika kwa mkono wake. Kila mzazi aje na hesabu ya kweli ya anachoweza kutoa kwa mwaka. Namba ya simu itakayojazwa kwenye fomu iwe ya mwombaji au ya mtu anayelala naye nyumba moja. Binti yetu ameahidi kuzungumza na wenzake, na mama yake amesema atakuja kuzungumza na akina mama.

Mzazi aje pamoja na mtoto wake. Atakayekuja peke yake tutamkaribisha chai, kisha tutamwomba arudi akamlete.

Wabillahi tawfiq.